Kaseti 214, diski moja imekufa: klaudi ya pamoja ya kumbukumbu inawezekana huku Nairobi ama tunaota?

KasetiZaMajengo

Wasee habari zenu. Najua hapa kuko na watu wa seva na watu wa maktaba, acha niulize, mnivumilie ni ndefu.

Tuko vikundi vitatu vidogo huku Eastlands, hakuna hata kimoja kina ofisi ya maana. Sisi wa Majengo tuko na kaseti 214. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akizunguka na redio yake kubwa kuanzia miaka ya 80 akirekodi wazee na kina mama, harusi, maulidi, visa vya vile Pumwani ilikuwa zamani, nani alikaa wapi, nani alifukuzwa. Wenzetu wa Kaloleni wako na nigativu kama 3,000 za studio ya picha ilifungwa kitambo. Wale wa tatu wako na madaftari ya chama cha akiba na barua, zingine mchwa ameshaonja.

Tumekuwa tukiingiza kwa kompyuta polepole, deki moja, laptopu moja, jioni watu wakitoka kazi. Halafu mwezi wa tano mtoto akavuta waya na diski ikaanguka kutoka juu ya friji (msiniulize ilikuwa inafanya nini juu ya friji). Nikaipeleka Luthuli, fundi akaiweka kwa sikio, tk tk tk, akanirudishia bila hata kuifungua, "hii ishaenda buda". Kaseti 40 hizo, kazi ya miezi minne. Nyingi tunaweza kurudia lakini mbili zilikatika utepe siku ile ile tulizicheza, yaani sauti ilikuwa imebaki kwa hiyo diski peke yake. Moja kwa kava imeandikwa na kalamu ya biki "MAMA HARUSI – USIFUTE".

Sasa kuna jamaa ametuambia huko Ulaya wanajenga klaudi moja, yaani stoo ya mtandaoni, ya makumbusho zote, kila mtu anaweka vitu vyake pamoja. Tunaweza kuingia? Kama hatuwezi, sisi watatu tukichanga yetu itatutoa pesa ngapi? Na nani anakaa na paswadi, manake hapo tayari tumeanza kuangaliana vibaya.

fundi_wa_seva

Pole sana kwa diski. Kabla ya kuongea klaudi piga hesabu kwanza, watu huogopa mzigo ambao hawajaupima.

Kaseti ukiirekodi vizuri kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya ubora wa juu, 96 kHz biti 24 stirio, saa moja inakula kama gigabaiti 2. Kaseti zako nyingi ni za dakika 60, basi 214 ni kama gigabaiti 430, tuseme 500 kwa sababu kuna za 90. Nigativu ukiskani kwa ubora wa maana ni kama megabaiti 100 kila moja ukihifadhi TIFF (faili ya picha ya ubora kamili), mara 3,000 hiyo ni gigabaiti 300. Madaftari weka 100 ingine. Jumla haifiki terabaiti 1! Vikundi vitatu, historia ya miaka hamsini, inaenea kwa diski moja ya kubeba mfukoni na nafasi inabaki. Nafasi si shida yenu kabisa.

Bei sasa. Amazon wana ile storeji ya baridi kabisa, ya vitu usivyovigusa mara kwa mara, kwa data senta (majengo ya seva) zao za Marekani ni kama dola 1 kwa terabaiti kwa mwezi. Sawa na mandazi. LAKINI ukitaka faili yako unaweza kungoja hata masaa 12, na kuitoa nje kwenda kwa intaneti ni kama senti 9 za dola kwa gigabaiti, yaani kutoa mzigo wote ni kama dola 90 kwa mpigo. Kuingia ni bure, kutoka ndio utajua hujui. Mimi kuna kampuni moja (siitaji) tuliweka video za mradi fulani, siku ya kuhama bili ya kutoa ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka mzima ya kuweka. Bosi alinyamaza kwanza, ndio nikajua nimekwisha.

mkutubi_mchovu

Hiyo ya Ulaya ipo kweli, ila jamaa wako amekupa nusu. Tume ya Ulaya ilitangaza mpango wa klaudi ya pamoja ya urithi wa utamaduni 2022, wakasema wataweka kama yuro milioni 110. Mradi wa kuijenga unaitwa ECHOES, ulianza 2024, wa miaka 5. Na si stoo ya mafaili tu. Lengo ni watu wa makumbusho, wahifadhi na watafiti wafanye kazi kwa kitu kimoja bila kutumiana mafaili kwa imeili. Chukua sanamu moja, mmoja amepima rangi, mwingine ameitoa modeli ya 3D, mwingine anajua ilikarabatiwa lini, yote ikae imeshikana na ile sanamu badala ya kila mtu kukaa na kipande chake kwa kompyuta yake. Hiyo ndio akili yake, na hiyo ndio ningeiba kama ningekuwa wewe, klaudi yenyewe waachie.

Msichanganye na Europeana, tovuti ya urithi wa Ulaya, hiyo ni ya 2008 na yenyewe haikai na mafaili mengi, inakusanya maelezo halafu inakuelekeza kwa makumbusho yenye kitu. Siku ya kwanza watu walifurika mpaka ikaanguka, ikabidi waifunge. Kwa hivyo usione aibu na diski ya friji.

Kujiunga moja kwa moja kama kikundi cha mtaani Nairobi, mimi nisingekaa nikingoja hiyo.

Karani_wa_Zamani

Mimi nasoma hapa nacheka kwa uchungu. Yaani tumetoka kulia vitu vyetu viko kwa makabati ya wenyewe huko, sasa tunataka kubeba na sauti tuwapelekee?

Kumbukeni hii. Wakoloni wakiondoka 1963 walibeba mafaili yao ya Kenya kimya kimya wakayaficha Hanslope Park kule Uingereza, karibu mafaili 1,500, na wakakubali yako huko 2011 pekee, wazee wa Mau Mau wakiwa wamewashtaki kortini. Miaka karibu hamsini! Hiyo pia ilikuwa storeji salama, ya ukuta mnene, shida ilikuwa ni nani ako na ufunguo. Na vitu vyenyewe, ule mradi wa International Inventories ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo kwa taasisi 30 za nje. Walichoweza kutuletea ni orodha.

Sasa mnaniambia wingu. Wingu gani, ni kompyuta ya mtu.

fundi_wa_seva

Mzee wangu Karani, hapo sikupingi, lakini kuweka vitu nyumbani peke yake pia si dawa. Aprili 2021 moto ulishuka mlimani ukachoma maktaba ya Jagger pale chuo kikuu cha Cape Town, mkusanyo wa mambo ya Afrika ukaharibika vibaya, na hapo ndio nyumbani kwenyewe. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 10 Machi, data senta ya OVH, kampuni ya klaudi, kule Strasbourg Ufaransa iliungua jengo zima, na kuna watu bakapu yao ilikuwa hapo hapo kwa kiwanja hicho hicho, wakapoteza vyote viwili. Klaudi pia huwaka moto.

Ndio maana sisi husema nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae mbali. Kwenu ni rahisi: diski moja Majengo, moja Kaloleni, ya tatu kwa klaudi, kokote iliko, IMEFUNGWA na ufunguo wenu kabla ya kupanda. Mwenye seva anabaki na mzigo wa takataka asioweza kusoma. Na kila faili itolewe namba ya kuhakiki, ile cheksamu, mwaka ukiisha unazilinganisha, ikibadilika hata herufi moja utajua faili imeoza. Programu ya hiyo ni ya bure, inakimbia usiku umelala.

KasetiZaMajengo

Asanteni sana, hiyo ya hesabu imenishika, nilikuwa nafikiria tunahitaji chumba kizima cha seva.

Lakini kuna kitu sikusema juu niliona haya. Hizo kaseti si zote za kila mtu. Kuna kama kumi na moja ni za kungwi mmoja na wenzake, mambo ya kumfunda mwali. Mwalimu mwenyewe hakuwepo, alimwachia mkewe redio akatoka. Mjukuu wa yule kungwi alipotuona tukizicheza kwa spika hapo nje akaja mbio akazima. Nikamwambia, "Shangazi, sisi tunahifadhi tu." Akaniambia, "Mwanangu, ile haikurekodiwa wanaume wasikie. Wewe ushasikia ngapi?" Nilisema moja. Zilikuwa tatu.

Sasa hizo tukiziweka kwa klaudi ya vikundi vitatu, wa Kaloleni wote ni vijana wa kiume.

BintiPumwani

Na wewe ukasikiza tatu 😂 omba msamaha vizuri, enda na sukari kilo mbili.

Kwa uzito sasa. Hili swali watu wengine walishakutana nalo. Kuna programu huria inaitwa Mukurtu, ilizaliwa Australia kwa jamii ya Warumungu pale Tennant Creek, wao walikuwa na shida kama yako, kuna picha za wanawake tu, kuna za ukoo fulani tu, kuna za marehemu ambazo hazionyeshwi ovyo. Kwa hivyo mfumo unauliza kwanza wewe ni nani kwa jamii hii, ndio unaamua unaona nini. Si ile ya "wazi" ama "imefungwa" pekee. Kaseti ya kungwi unaipa sheria yake, Kaloleni wanaona kuna kaseti, hawawezi kuicheza.

Lakini hata usipotumia hiyo, kaa chini na yule shangazi na andika. Huku kwetu kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, lazima upate idhini ya wenyewe kabla ya kuvitumia, halafu ile ya data ya 2019, sauti ya mtu aliye hai ikitaja ugonjwa wake ama ndoa yake hiyo ni data yake. Huyo "mama harusi" wa kaseti iliyokufa huenda yuko hai hapo Digo Road anakaanga viazi. Umemuuliza?

Na hizo kumi na moja kwangu zisiende klaudi kabisa mpaka wenyewe waseme. Bora zikae kwa diski moja kwa shangazi. Najua fundi atanishambulia.

fundi_wa_seva

Sitakushambulia lakini nalia. Diski moja!! Mpe shangazi mbili.

mkutubi_mchovu

Naongeza kidogo kuhusu paswadi na pesa, kwa sababu hapo ndio hizi kitu hufia, mimi nimezika tatu kwa macho yangu. Mwaka wa kwanza kuna mfadhili na chai na maandazi na bango. Mwaka wa pili kijana aliyejua seva anapata kazi kwingine. Mwaka wa nne kadi ya benki iliyokuwa ikilipa inaisha muda, imeili za onyo zinaenda kwa akaunti ya yule kijana, siku moja mnafungua, hakuna kitu. Hapakuwa na moto wala mwizi.

Kwa hivyo tafuteni chuo kikuu kiwe mlezi. KENET wanaunganisha vyuo vya Kenya kwa intaneti na wana seva za kukodisha kwa wanachama wao, ziko hapa hapa nchini, na chuo hakiishi muda kama kadi. Lakini muandikiane karatasi: mali ni ya vikundi, chuo ni mtunzaji, mkitaka kutoka mnatoka na kila kitu ndani ya siku thelathini. Funguo ziwe na watu watatu, kila kikundi mmoja, na nakala kwa bahasha iliyofungwa, naam, bahasha ya karatasi, kwa mtu asiye na ugomvi na yeyote. Imamu, kasisi, mama wa chama, mnajua wenyewe.

Na maelezo tafadhali. Nani anaongea, lini, wapi, lugha gani, nani alitoa ruhusa. Faili inaitwa "side_B_mpya_final2.wav" hata ukiihifadhi miaka mia haina maana.

Karani_wa_Zamani

Bahasha nimeikubali. Hiyo ya chuo nitaangalia karatasi kwanza kabla ya kupiga makofi. Na kijana, hayo maelezo anza na wazee walio hai, UNESCO na watu wa hifadhi za sauti walitoa onyo 2019 ati tepu zisipookolewa kufikia 2025 zingine hazitaokolewa tena, mashine zenyewe zinaisha. Hiyo 2025 ishapita. Wazee nao hawangoji.

KasetiZaMajengo

Nimeongea na wa Kaloleni leo asubuhi. Wamekubali diski mbili za kubadilishana kila mwisho wa mwezi, mtu anabeba kwa miguu, si mbali. Klaudi tutaanza na sehemu ndogo, picha kwanza kwa sababu hazina ugomvi mwingi. Paswadi bado hatujaelewana, mmoja anataka iwe yake kwa sababu ndiye alileta laptopu. Na kweli jina "side_B_mpya_final2" nimelipata kwa folda yetu, sijui mkutubi ulijuaje.

Kwa shangazi nimeenda. Sukari alichukua. Kaseti zote kumi na moja amezichukua pia, amezifunga kwa leso akaziweka chini ya kitanda, amesema ataita wenzake watatu waliobaki waamue, niende baada ya Ijumaa. Hakusema Ijumaa gani.

Halafu deki yetu imeanza kuvuta sauti, yaani mtu anaongea kama amelewa, nafikiri ni ule mkanda wa mpira ndani. Kuna mtu anajua nani bado anauza hiyo mikanda tao? Wale wa Luthuli niliouliza wote waliniangalia kama nimeuliza bei ya punda.