Wakili wa muuzaji si wakili wako: acheni kuwapotosha wanunuzi wa ploti Nairobi

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kuna uongo unaosemwa kila siku katika ofisi za kuuza ploti hapa Nairobi, unaorudiwa na madalali na kushadidiwa na jamaa zetu wenyewe: kwamba wakili katika ununuzi wa ardhi ni mtu wa kupiga muhuri tu, na kwa kuwa kampuni inayouza tayari ina wakili, mnunuzi anayemtafuta wake anatupa pesa.

Dada yangu aliambiwa hivyo na kampuni moja ya hapa mjini iliyokuwa ikimuuzia ploti ya futi hamsini kwa mia upande wa Ruai. Alikwisha kulipa pesa za kuhifadhi ploti. Alipotaja kwamba ana wakili wake, afisa wa mauzo alimjibu kuwa ada ya wakili imo ndani ya bei, kuwa kuleta mwingine kungechelewesha mambo, na kuwa ofa ingeisha Ijumaa. Mkataba aliopewa ulikuwa na kifungu kinachosema mnunuzi ameridhia wakili wa muuzaji ashughulikie pande zote mbili, na kingine, kwa herufi ndogo, kwamba pesa za kuhifadhi ploti hazirudishwi kwa sababu yoyote ile. Ploti yenyewe haikuwa na hatimiliki; iliandikwa kuwa ni sehemu ya hatimiliki mama, yaani hati ya shamba zima kabla halijakatwa ploti, ambayo ugawaji wake "uko katika hatua za mwisho". Wakili wa dada yangu alifanya upekuzi rasmi wa hatimiliki hiyo mama akakuta imewekwa rehani benki. Ardhi ya namna hiyo haihamishwi kwa mnunuzi bila idhini ya benki, na mkopo usipolipwa benki ina haki ya kuiuza. Katika mkataba mzima neno rehani halimo. Ama wakili wa kampuni alilijua jambo hilo akanyamaza, ama hakufanya kazi aliyolipwa kuifanya.

Sasa kampuni imekataa kumrudishia pesa, na watu wazima wanamwambia dada yangu kwamba "amejichongea kwa kuleta wakili". Hapo ndipo nilipokasirika hasa.

Maslahi ya muuzaji na ya mnunuzi hayafanani hata kidogo. Masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili cha Kenya, ambayo mikataba mingi huyafuata, yanataka mnunuzi atoe asilimia 10 ya bei na mauzo yakamilike ndani ya siku 90. Muuzaji anataka ile asilimia 10 imfikie mapema. Mnunuzi anataka ikae kwa wakili hadi hati zote zipatikane. Muuzaji hataki kuachia hatimiliki kabla ya salio. Mnunuzi hataki kutoa salio kabla ya hatimiliki. Mkwamo huo hutatuliwa na mawakili wawili wanaopeana ahadi za kitaaluma kwa maandishi, ahadi ambazo wakili akizivunja mahakama inaweza kumlazimisha azitimize. Mtu mmoja hawezi kujipa mwenyewe ahadi ya kumlinda mteja huyu dhidi ya mteja yule.

Wengine husema Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, imemaliza kazi ya mawakili tangu ilipozinduliwa Aprili 2021. Nafurahi kwamba mtu anaweza kufanya upekuzi akiwa nyumbani, lakini matokeo yake yanakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa na vizuizi vilivyoandikwa, basi. Hayakuelezi ardhi hiyo ilitokaje mikononi mwa umma. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya Nyali iliyogawiwa mtu binafsi kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kampuni hiyo ilikuwa na hatimiliki na ilinunua kwa pesa zake, lakini ikashindwa, kwa kuwa ugawaji ule wa mwanzo haukufuata sheria. Kwa uamuzi huo, kununua kwa nia njema hakumwokoi mtu ambaye chanzo cha hatimiliki yake ni kibovu. Kufuatilia historia hiyo, hati baada ya hati, ndiyo kazi ya wakili wa mnunuzi, na inapaswa kufanywa kabla ya kutia sahihi. Watu wetu humwita wakili baada ya kulipa.

Dalali naye asijitwike kazi hiyo. Uingereza wapo wataalamu wenye leseni ya kuhamisha umiliki wa mali ambao si mawakili. Hapa Kenya Sheria ya Mawakili, kifungu cha 34, inamkataza asiye wakili kuandaa hati hizo kwa malipo.

Wauzaji pia wanadanganywa, wakiambiwa kuwa wakili ni mzigo wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji, inayotozwa faida ya kuuza mali na ambayo ni ya muuzaji, ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwezi Januari 2023, na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Nani atamweleza hayo kabla hajataja bei?

Na kwa haki, nawaomba pia msimtwike wakili yasiyo yake. Yeye hapimi ardhi. Mipaka na bikoni, yaani alama zinazoonyesha pembe za ploti, ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni, naye alipwe kivyake.

Dada yangu anapeleka malalamiko dhidi ya yule wakili katika Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kampuni imeandikiwa barua ya kudai pesa zake zote. Yeyote aliyepewa mkataba wenye kifungu cha wakili mmoja kwa pande zote mbili, naomba anakili hapa maneno ya kifungu hicho jinsi yalivyo, bila kutaja jina la mtu, ili tuone kama ni maandishi yale yale wanayopewa wanunuzi wote.