Viziwi wa Moshi na Arusha, dharura ikitokea usiku mnaitaje msaada? Tupeane uzoefu

Mshonaji, Pasua, Moshi
Nilipoteza usikivu nikiwa na miaka sita kwa homa ya uti wa mgongo. Namba za dharura nazijua kama mnavyozijua: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 115 ya gari la wagonjwa, ukipiga, inakubidi useme, kisha usikie unachoulizwa. Mwaka jana, saa nane za usiku, niliamshwa na mwanga uliokuwa ukichezacheza chini ya mlango, kumbe mpira wa gesi wa mpangaji mwenzangu ulikuwa umeshika moto, naye alikuwa amepiga kelele hadi sauti ikamkauka. Nilishika simu, nikaandika 114, nikaifuta, kwa maana ningesema nini? Nikachukua sufuria na mwiko, nikagonga mbele ya dirisha la jirani mpaka taa yake ikawaka, naye ndiye aliyepiga. Wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu mstaafu, Arusha
Pole sana, mwanangu. Mimi natumia kifaa cha kusaidia kusikia, ila sauti ya simuni hunifikia kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mume wangu alipoanguka bafuni, nilipiga na sikungoja maswali: nilitangulia kusema kwamba sisikii, kisha nikarudia mara tatu jina la mtaa, kanisa lililo karibu na hali ya mgonjwa. Najua njia hii haimfai asiyeweza kusema.

Dereva wa bodaboda, Kiboriloni
Shikamoo Mwalimu. Mimi nasikia, lakini wazazi wangu wote ni viziwi, na simu ya nyumbani ilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la tatu mama alipoanza kutokwa na damu akiwa mjamzito, nikaulizwa damu ni kiasi gani na imeanza lini. Nikageuka kumuuliza kwa alama, naye akaona haya kunijibu, akaonyesha kidogo kuliko ilivyokuwa. Mama alipona. Hata hivyo, ninapoambiwa kwamba kiziwi mwenye mtoto anayesikia hana shida, huwa nakasirika.

Mkalimani wa lugha ya alama, Moshi
Nchini Ufaransa, namba 114 hiyohiyo, ambayo kwetu ni ya zimamoto, tangu 2011 ni ya viziwi na hupokea ujumbe mfupi. Uingereza, kiziwi hujisajili kwanza ndipo atume ujumbe kwenda 999, na tangu Juni 2022 anaweza kupiga kwa video akapata mkalimani saa 24. Hapa kwetu nimewaandalia viziwi kadhaa ujumbe uliokwisha kuandikwa, wenye jina la mtaa, alama ya nyumba na maneno “mimi ni kiziwi, nipigie 114”, wanaoutuma kwa mpigo kwa jirani, mjumbe na dereva wa bodaboda.

Mshonaji, Pasua, Moshi
Asante, dada. Nimeuandika wangu sasa hivi na kumtumia jirani. Amejibu kwamba usiku simu yake huizima, kwa hiyo sufuria bado naiweka karibu na kitanda.