Tupeane uzoefu: watu wa animesheni na moshen (michoro na maandishi yanayotembea), aidia ya mwendo mnaitoa wapi?

Fremu_Tupu (Dar)
Habari zenu wakuu. Humu tunapeana sana plagini na bei za kazi ila chanzo chenyewe hatukiongelei, yaani pale umekaa mbele ya fremu tupu na mteja anataka kitu kiingie, kicheze, kitoke, ule mwendo unaupata wapi? Siongelei rangi wala fonti, naongelea mwendo. Naanza mimi.

Kazi zangu nyingi ni grafiksi za vipindi vya tivii na chanzo changu kikubwa ni kanga. Kila mtu anajua kanga ina pindo, mji na jina, sasa iangalie kwa jicho la moshen, ile ni storibodi tayari, yaani mpangilio wa picha kabla hujaanza kazi. Pindo linazunguka pande zote nne linafunga fremu, mji upo katikati ndio unavuta macho, jina limekaa chini ya mji linasubiri. Nilipewa utangulizi wa kipindi cha taarabu nikaujenga hivyo hivyo, pindo likaanza kutembea kutoka kona moja, mji ukachanua, jina likaingia mwisho wakati macho ya mtu yameshatulia na yapo tayari kusoma. Siku ya kuonyesha, kina mama waliokuwepo pale walilisoma jina kwa sauti kabla mimi sijasema kitu, nikajua imekaa.

Halafu iangalie kanga ikianikwa siku ya upepo. Upepo ukikata, sehemu ya juu karibu na kamba inatulia kwanza, katikati inafuata, ncha ya chini bado inamalizia. Ndio maana maandishi yangu siyasimamishi yote kwa pamoja, herufi za mwisho naziacha zichelewe fremu mbili tatu (fremu ni picha moja moja zinazounda mwendo), hapo ndipo yanapata uzito. Haya karibuni, leteni zenu.

Msee_wa_Keyboard (Nairobi)
Niaje wasee. Mimi nasoma makanga, yule kondakta wa matatu, gari za abiria za huku, na sisemi mchezo. Angalia vile anashuka gari ikiwa bado inasonga, haachilii mwili hivi hivi, anaegemea nyuma kidogo, anakimbia hatua chache mbele ndio ile spidi ya gari iishe mwilini, na akisimama mkono tayari uko juu anaita watu. Hapo kuna uzito, kuna kujiandaa, kuna kumalizia, yote ndani ya sekunde mbili. Karakta wangu wote wanaoruka nimewatoa hapo stage, kituo cha matatu.

Lakini kitu kilinifanya niingie hii kazi ni Tinga Tinga Tales, ile katuni ya watoto. Ilianza kuonyeshwa 2010, na siku niliambiwa animesheni yake imefanyiwa hapa hapa Nairobi sikuamini kabisa. Sura yake imetoka kwa michoro ya Edward Saidi Tingatinga, yule mzee wa Dar aliyeanza kuchora mwisho mwisho wa miaka ya 60, mnyama mmoja mkubwa, madoadoa, hakuna kivuli. Mtu anaweza kufikiria picha flati hivyo haiwezi kuishi kwa screen, na ikaishi! Mpaka leo mteja akiniambia kitu lazima kiwe 3D ndio kipendeze namwonyesha hiyo kwanza.

dogo_rende
Mimi nafungua Pinterest na Behance nachukua nilichokipenda nakifanyia yangu, kazi zinaenda na wateja wanafurahi. Kwani kuna shida wakuu?

Fremu_Tupu (Dar)
Hakuna shida mkuu, hata mimi naingia huko kila wiki, ni pazuri kuona watu wamefika wapi. Ila ukichukua mwendo kwenye rili ya mtu (video ya kazi zake) unachukua kitu ambacho yeye alishakichuja, umepata matokeo, hujapata sababu. Mteja akikwambia "ongeza uzito kidogo" hujui uguse wapi maana hujui ule uzito ulitoka kwenye nini. Ukikiona mwenyewe kwa macho unajua.

Mama_Vikatuni (Morogoro)
Asante kwa uzi huu, niliungoja. Mimi natengeneza vikatuni vya watoto vya Kiswahili na kwangu mwendo unaanzia mdomoni. Zile chati za midomo tunazopakua nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, zina maumbo kibao ambayo sisi wala hatuyahitaji. Kiswahili silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu na irabu ni tano tu, a inafungua mdomo wote, e na i mdomo unatanuka pembeni, o na u unakuwa duara. Ukiwa na hizo tano, ukaongeza mdomo uliofungwa kwa ajili ya m, b na p, na meno kwenye mdomo wa chini kwa f na v, karibu kazi yote umemaliza.

Sasa sikilizeni hapa maana ndipo wengi wanapopitiliza. M ikisimama peke yake mwanzoni, mtoto, mti, mbwa, ile ni silabi kamili. Midomo lazima ikae imefungwa muda wake wote, ukiipa fremu moja karakta anaonekana anasema "toto". Na mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo nyusi zikipanda au kichwa kikiinama kifanye hivyo hapo hapo, anaKUja, nimeSHIba. Mkipiga kichwa mwanzo wa neno mtoto hatajua kwa nini haamini, ila haamini. Ndio maana katuni zilizochorwa kwa Kiingereza halafu zikawekewa sauti ya Kiswahili mdomo bado unatafuna na neno limeshakwisha.

Ubongo Kids ilivyoanza 2014, watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanajibu maswali ya hesabu kwa kupiga kelele mbele ya tivii, karakta anawauliza kwa Kiswahili na wao wanamjibu kama jirani. Nikasema nataka kufanya hii kazi. Mpaka leo kabla sijachora mdomo wowote naweka kioo mezani nasema sentensi mwenyewe taratibu, na mama yangu akija namrekodi anavyosimulia kwa sababu yeye mikono inaongea kuliko mdomo.

Msee_wa_Keyboard (Nairobi)
Dada hiyo ya "toto" nimeiangalia kwa kazi yangu saa hii na narekebisha. Shukran sana.

Buyenzi_257 (Bujumbura)
Salamu ndugu zangu. Kwetu Burundi mwendo ni ngoma. Ngoma yetu ya kifalme iliingia kwenye orodha ya UNESCO 2014 lakini sisi tumeiona tangu utoto. Mpigaji mkono unapanda, unakaa juu kidogo, ndipo unashuka. Kule kukaa juu ndiko kunafanya pigo liwe zito, ukikuondoa linabaki kugonga tu.

Na jambo moja la sauti. Picha ya pigo mimi naitanguliza fremu moja au mbili kabla ya sauti yake. Kwa fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40, mtu haoni kama imetangulia, anahisi tu pigo limekaa mahali pake. Jaribuni kwa logo zinazotua na mlio.

Karabai (Mwanza)
Mimi bado mwanafunzi, laptopu yangu ya zamani haibebi vitu vizito. Huku usiku wa giza lisilo na mwezi wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, ziwa zima linakuwa nukta za mwanga zinapanda na kushuka na mawimbi, kila moja na muda wake. Nimezitengenezea lupu (video fupi inayojirudia) kwenye Blender, programu ya animesheni, nukta tu na maji. Swali langu, kwa kifaa kama hiki nitafika kweli?

Fremu_Tupu (Dar)
Utafika mdogo wangu. Flow, ile filamu ya Latvia iliyochukua Oscar ya animesheni 2025, imetengenezwa kwa Blender hiyo hiyo ya bure uliyonayo wewe. Na lupu yako ya nukta nimeipenda kabla sijaiona, kwa sababu hizo nukta unazijua. Itupie hapa.

Karabai (Mwanza)
Asante kaka. Na video za kuangalizia mnarekodije? Simu yangu ina slomo (mwendo wa polepole) ya fremu 120 kwa sekunde.

Mama_Vikatuni (Morogoro)
Inatosha kabisa mwanangu. Fremu 120 ukizitandaza kwenye 24, sekunde moja ya wimbi inakuwa tano, unaona taa inapochelewa na inapogeuka. Simu iwe imeegeshwa mahali isitikisike, na rekodi mtumbwi mmoja tu kwanza.