Mont-Saint-Michel na mama mwenye magoti mabovu: nimpeleke?

Mtoto wa Tanga:
Wakuu, naomba ushauri. Mama anakuja kwetu Rennes mwezi ujao, mara yake ya kwanza Ufaransa. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua. Watoto ni wawili, wa miaka 9 na 5. Gari lipo, ruhusa kazini ni siku moja, nachagua mwenyewe. Mama aliona picha ya Mont-Saint-Michel, kile kisiwa cha mwamba chenye abasia (monasteri ya zamani) juu yake, akaniuliza, "Hiyo nyumba waliijengaje baharini?" Tangu hapo siwazi pengine. Ataweza? Tufike saa ngapi?

Mama Nasra:
Mpeleke, mdogo wangu. Ila usianze kwa kutazama saa za kufungua abasia, tazama mwezi kwanza. Siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, utamwonyesha kilima katikati ya matope, na mtu wa Tanga atakuuliza bahari iko wapi. Kule bamvua kubwa, bahari inapojaa na kupwa kupita kiasi, linapanda na kushuka hadi mita 14. Kwetu ni mita nne hivi!

Wafaransa hupima ukubwa wa maji kwa namba, kuanzia 20 hadi 120, na kalenda ipo mtandaoni. Tafuta siku inayozidi 90, huwa siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Muwe mmeshafika muda wa saa mbili kabla maji hayajajaa.

Sisi tulisimama darajani na mama mkwe, mzaliwa wa Pangani. Mbele ni mchanga mtupu. Mara akanyoosha kidole: "Yale yanakuja." Sisi hatukuona kitu. Baadaye ndipo tukaona mstari mweupe, mwembamba kama uzi, kisha tukasikia mvumo, na mfereji uliokuwa mkavu ukajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda mbio kuelekea bara. Alishika ukingo wa daraja kwa mikono miwili, hakutaka kuondoka. Sijawahi kumwona na furaha ile tangu ahamie huku.

Gari mtaliacha kwenye maegesho ya kulipia, kilomita mbili na nusu hivi kutoka mlimani. Basi la bure linawavusha hadi karibu na lango.

Baba Wawili:
Naongezea kuhusu magoti. Hadi abasia ni ngazi 350 hivi, na ile njia ya chini nayo ni mawe na mwinuko. Usimlazimishe. Mmoja wenu abaki naye chini, mwingine apande na huyo wa miaka 9 akaone gurudumu kubwa la mbao. Abasia ilikuwa jela hadi 1863, na wafungwa walitembea ndani ya gurudumu hilo ili kuvuta mizigo juu. Wangu alisimama pale kimya, kisha akauliza kama walikuwa wanapewa maji. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio. Bebeni chapati na chupa ya chai, mle ndani chakula ni ghali.

Na mchangani msishuke bila kiongozi wa kule. Mchanga unadidimiza mtu, na maji yanazunguka kwa nyuma.

Mtoto wa Tanga:
Ahsanteni sana. Nimempigia mama. Kabla sijafungua kalenda ameniuliza mwezi wa angani una siku ngapi leo, akahesabu, akasema twende Jumamosi ile ya pili baada ya yeye kufika. Nimetazama: 98.