Kutengeneza titi upya: kabla ya mionzi au baada?

Mwandamizi: Wakuu, mgonjwa ana miaka 46 na kisukari cha vidonge. Titi la kushoto lina saratani, linaondolewa lote, halafu mionzi ya kifua. Kutengeneza titi upya, ametajiwa mfuko wa silikoni au nyama ya tumbo. Kipi kinahimili mionzi?

Theta: Nyama ya mwili wake. Silikoni ikipigwa mionzi, kovu linaloizunguka hukaza. Titi huwa gumu, hupanda juu, huuma, na wengine huishia kuitoa. Lakini hata nyama ikiwekwa mapema inaweza kusinyaa na kufanya vinundu, ndiyo maana wapasuaji wengi humaliza mionzi kwanza, kisha husubiri miezi 6 hadi 12 ngozi ilainike.

Akitaka kuokoa ngozi, siku ya kuondoa titi huwekwa chini ya ngozi mfuko mtupu wa muda. Jeraha likipona, kama wiki 2 hivi, huanza kujazwa maji ya chumvi kwa sindano, mililita 50 hadi 100 kwa mara moja. Ngozi ikikaza hadi kuwa nyeupe, daktari asimamishe.

Mama Kito: Kwenye tumbo, muulize daktari: msuli unachukuliwa au unabaki? Ukichukuliwa, tumbo hulegea na ngiri inaweza kutokea. Ukibaki, ngozi na mafuta huhamishwa na mishipa yake, ikaunganishwa kifuani chini ya hadubini. Upasuaji huchukua muda wa saa 6 hadi 8, kisha nesi hukagua rangi, joto na mapigo kila saa, usiku kucha. Mshipa wa kurudisha damu ukiziba, titi hugeuka zambarau na mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji saa hiyohiyo. Kama usiku hakuna timu ya kumrudisha, bora msuli wa mgongo: huzungushwa kupitia kwapani bila kukatiwa damu yake. Titi hutoka dogo, na maji hupenda kujaa mgongoni. Mrija wa kuyatoa ukae hadi yashuke chini ya mililita 30 kwa saa 24.

Theta: Naongezea: sukari ishuke kwanza, la sivyo kidonda kitaachia. Sigara na ugoro, wiki 4 kabla, marufuku.

Mwandamizi: Na asipotaka kisu tena?

Mama Kito: Titi la silikoni la kuvaa ndani ya sidiria yenye mfuko, kuanzia wiki ya 6 hadi 8. Lilingane uzito na lile lililobaki; likiwa jepesi, sidiria hupanda upande huo.