Kwa tanga kutoka Mtwara hadi Tanga: tuondoke lini?

Swali (Iringa): Mimi na mke wangu tunakusudia kusafiri kwa mashua ya tanga kutoka Mtwara hadi Tanga, tukichangisha fedha za kituo cha watoto yatima hapa Iringa. Tuondoke mwezi gani?

Jibu (Mbeya): Ndugu, subirini Septemba, kwa kuwa kusi, inayovuma kutoka kusini na kuwa kali mno Juni na Julai, huwa imepungua nguvu lakini bado inasukuma chombo kaskazini, na mkondo wa bahari nao huelekea huko. Kaskazi ya Desemba itawakabili usoni.

Jibu (Njombe): Gharama za mashua zilipwe na ninyi wenyewe, michango iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo.

Jibu (Iringa): Shemeji anajua kuogelea?