Die Hard usiku wa mkesha: gumzo la kikundi cha "Nyumbani Marangu"

Upendo: Shikamooni wakubwa wote. Basi letu limeshapita Korogwe, jioni nitakuwa nyumbani Mungu akipenda. Projekta ipo kwenye begi. Kesho tukitoka ibada ya mkesha tunaangalia nini?

Anna: Marahaba mwanangu, safari njema. Wekeni picha ya Yesu, watoto wapate kuiona.

Elisha: Mimi naomba Die Hard.

Anna: Ile ya polisi anayekimbia pekupeku juu ya vioo? Elisha! Mkesha wa Krismasi huo.

Elisha: Ndiyo maana naiomba, dada. Mambo yote ya mle ndani yanatokea usiku wa tarehe 24 Desemba. John McClane ni polisi wa New York, anapanda ndege kwenda Los Angeles kuwaona mkewe na watoto, mkononi kabeba dubu mkubwa wa kitambaa, zawadi ya watoto. Kuna sherehe ya ofisi, kuna mti wa Krismasi, kuna nyimbo. Hata yule dereva kijana, Argyle, aliyekuja kumpokea na limozini, anamwekea wimbo wa Krismasi wa Run-DMC.

Baraka: Shikamoo baba mdogo. Ila hiyo muvi ilitoka Julai 1988, watu wanakwenda ufukweni. Na Bruce Willis mwenyewe alisimama jukwaani mwaka 2018 akasema si muvi ya Krismasi.

Elisha: Marahaba Baraka. Miracle on 34th Street nayo ilitoka Juni, mwaka 1947, na ndani yumo Baba Krismasi mwenyewe na ndevu zake. Mbona hiyo hakuna anayeibishia? Tarehe ya kuingia kwenye majumba ya sinema hupangwa na wenye biashara. Steven de Souza, mmoja wa walioandika Die Hard, siku zote amesema ni ya Krismasi. Mimi nasimama na mwandishi.

Godfrey: Habari za asubuhi familia. Mimi bado niko saiti Dodoma, natoka leo usiku. Nawaunga mkono wa Die Hard kwa sababu moja tu: lile jengo.

Upendo: Shikamoo baba mkubwa. Jengo lina nini?

Godfrey: Marahaba. Ni jengo la kweli hilo, Fox Plaza, liko Century City kule Los Angeles. Mle wanaliita Nakatomi Plaza. Wenye kampuni ya filamu, 20th Century Fox, walipiga picha kwenye jengo lao wenyewe, na wakati ule lilikuwa halijamalizika. Zile ghorofa unazoona nondo, mabomba na nyaya zinaning'inia hazikutengenezwa na mtu wa mapambo, ndivyo zilivyokuwa. Mtu wa ujenzi akiangalia anajua kabisa McClane yuko sehemu gani ya jengo. Huku shimo la lifti, huku bomba la hewa la kiyoyozi, pale juu paa la helikopta. Picha nyingi za mapigano siku hizi hujui mtu ametokea wapi wala anakwenda wapi. Pale unajua kila mlango.

Baraka: Hilo kweli, baba mkubwa. Sifa ni za mwongozaji John McTiernan na mpiga picha wake Jan de Bont. Huyo de Bont ndiye baadaye aliyeongoza Speed, ile ya basi lisilotakiwa kupunguza mwendo.

Upendo: Baraka, usinitajie hiyo, niko ndani ya basi.

Mama Tumaini: 😂 Pole mwanangu. Dereva wenu anakwenda taratibu lakini?

Upendo: Taratibu kabisa mama mdogo, msiwe na wasiwasi.

Anna: Sasa nyie mnanieleza nondo na mabomba ya hewa. Mimi naambiwa nikae na wajukuu kuangalia watu wakipigana risasi usiku aliozaliwa Bwana. Nielezeni kitu cha kunishika.

Elisha: Dada, nakuelezea vizuri, maana nimeipenda picha hii tangu enzi za kanda na deki, na kila mwaka naipenda zaidi.

Yule bwana na mkewe hawaelewani. Holly alipata kazi kubwa kwenye kampuni ya Wajapani huko Los Angeles, akahama na watoto. Mume akabaki New York, akidhani mambo yatamshinda mkewe na atarudi. Hayakumshinda. McClane anafika mapokezi, anatafuta jina la mke kwenye kompyuta, McClane haipo. Anakuta Gennero, jina la kwao. Kabla hata hawajakaa chini vizuri wanagombana. Holly anaitwa aende akaseme neno kwa wafanyakazi wake, mume anabaki peke yake bafuni anajilaumu. Hapo ndipo majambazi wanaingia.

Kwa hiyo usiku mzima, pamoja na risasi zote hizo, yuko mwanaume ambaye hajapata nafasi ya kumwomba mkewe radhi.

Anna: Mh. Endelea.

Elisha: Katikati ya picha, miguu imechanika na vioo, amejifungia bafuni anachomoa vipande kimoja kimoja. Anaongea kwa redio na Sajenti Powell, askari aliyeko chini ambaye hawajawahi hata kuonana. Anadhani hatatoka hai. Anamtuma kwa mkewe: mwambie ameshanisikia nikimwambia nampenda mara nyingi mno, lakini hajawahi kunisikia nikisema nisamehe. Anataka Powell amfikishie hilo neno.

Dada, kwangu hiyo ndiyo picha yenyewe. Risasi zinafuata nyuma.

Anna: Hicho kipande sikukiona. Siku ile niliona kelele nikaenda zangu jikoni.

Mama Tumaini: Wifi, mimi nacho kilinigusa hicho. Na ile picha ya familia ofisini, umewahi kuiona? Holly mwanzoni ana hasira na mumewe, anailaza kifudifudi kwenye kabati. Hasira hiyo ndiyo inamficha usiku kucha, maana mkuu wa majambazi amekaa ofisi hiyohiyo na hajui kuwa huyu mama ni mke wa mtu anayemsumbua. Mpaka mtangazaji wa televisheni anakwenda kuwahoji watoto nyumbani kwao, mama yao anawaona kwenye runinga, uso unambadilika. Yule jambazi anaiinua ile picha.

Anna: Watangazaji nao!

Baraka: Shangazi, kuna na hili. Kabla ya 1988 steringi wa Hollywood alikuwa mtu wa misuli: Stallone, Schwarzenegger. Anapigwa risasi mia, hata jasho hatoki. Bruce Willis alikuwa anajulikana kwa tamthilia ya televisheni yenye vichekesho, Moonlighting. Alipolipwa dola milioni 5 watu wa sinema walishangaa mno, yule kijana wa runinga kapewaje hela zote hizo? Hata baadhi ya matangazo ya mwanzo yaliweka jengo mbele badala ya sura yake.

Godfrey: Na kabla yake ilibidi Frank Sinatra aulizwe kwanza.

Upendo: Sinatra yule mwimbaji??

Godfrey: Huyohuyo. Hadithi imetoka kwenye riwaya ya Roderick Thorp ya mwaka 1979, Nothing Lasts Forever, na hiyo ni mwendelezo wa riwaya yake nyingine ambayo Sinatra alishaichezea filamu mwaka 1968, The Detective. Mkataba ukawabana wamwulize yeye kwanza. Alikuwa ameshapita miaka 70, akakataa. Kitabuni mhusika ni mzee, anakwenda kumwona binti yake, na binti anakufa mwishoni. Kwenye filamu binti akageuzwa mke, na mke anaokoka. Naona walifanya vema.

Elisha: Walifanya vema sana. Bila mke pale, ule msamaha nao usingekuwepo.

Baraka naye kasema kweli kuhusu misuli. Vibandani tulikuwa tunasema steringi hafi, na unaangalia ukiwa na amani yako. Kwa McClane amani hiyo huna. Anaogopa, anaongea peke yake, anamwomba Mungu kabla ya kuruka kutoka paani amejifunga mpira wa zimamoto. Fulana inaanza nyeupe inaishia kama tambara la gereji. Anamuua jambazi wa kwanza, anamvua viatu akitegemea apate vya kuvaa, vinakuwa vidogo! Na pekupeku ile ina sababu yake: kwenye ndege jirani yake alimshauri akifika avue viatu na soksi, akunje vidole vya miguu kwenye zulia, uchovu wa safari utaisha. Ushauri mwema kabisa, ndio unamponza. Mkuu wa majambazi anagundua hana viatu, anaamuru vioo vipigwe risasi.

Anna: Huyo mkuu wao ndiye yule mwenye suti nzuri? Anaongea kama mwalimu mkuu?

Baraka: Ndiye, shangazi. Hans Gruber. Aliyemcheza ni Alan Rickman, Mwingereza wa jukwaani, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza maishani, ana miaka 40 na kitu. Watu wa rika langu tulimjua kwa Profesa Snape wa Harry Potter. Alifariki Januari 2016. Kwenye kuanguka kwake mwishoni alianguka kweli kwenye godoro la hewa, na walimwachia kabla ya hesabu aliyoambiwa. Ule mshtuko usoni haukuigizwa.

Upendo: Na yule mwenye nywele ndefu za dhahabu, anayelipiza kisasi cha ndugu yake?

Baraka: Alexander Godunov. Alikuwa mcheza baleti wa Bolshoi ya Moscow, akakimbilia Marekani mwaka 1979. Angalia anavyotembea, utajua.

Godfrey: Akili ya Gruber ndiyo inanifurahisha. Wanajifanya magaidi wa siasa, wanadai wafungwa waachiwe, kumbe wanataka hati fungani za dola milioni 640 zilizoko kwenye sefu, zile ambazo aliyezishika mkononi ndiye mwenye mali. Kufuli la mwisho linashikiliwa na umeme, hawawezi kulifungua. Yeye anasubiri tu FBI wafuate utaratibu wao wa kukata umeme jengo zima. Wanakata, sefu linafunguka lenyewe!

Elisha: Na muziki unaopigwa pale ni Beethoven, Simfoni ya Tisa, ule wimbo wa furaha ambao wengi tumeusikia kanisani. Michael Kamen aliusuka kwenye muziki wa picha nzima, tangu mwanzo majambazi wanaimba kwa sauti ya chini, mpaka mlango wa hazina unapofunguka na orkestra inapaa. Unajikuta unamshangilia jambazi! McTiernan alitaka picha yenye furaha ndani yake, ndiyo maana hakutaka magaidi wa kweli, akataka wezi.

Mama Tumaini: Mimi kuna sehemu sijaipenda, niseme?

Elisha: Sema mama.

Mama Tumaini: Powell. Anamweleza McClane kwamba aliwahi kumpiga risasi mtoto wa miaka 13 aliyekuwa na bunduki ya kuchezea, na tangu hapo hajaweza kumnyooshea mtu silaha. Huyo ndiye mtu mwenye moyo kuliko wote mle. Halafu mwishoni wanamponya kwa kumfanya apige risasi tena, na muziki unapanda. Nafanya kazi wodini, nimewaona wazazi wa watoto waliopotea ghafla. Kidonda kama kile hakifungwi hivyo.

Anna: Umesema kweli wifi.

Godfrey: Ni kweli. Lakini Reginald VelJohnson alivyoicheza sehemu ile ya kusimulia, ananyamaza, anatafuta maneno, kaibeba kwa heshima.

Mama Tumaini: Huyo namheshimu sana. Lawama zangu ni kwa walioandika.

Elisha: Siwezi kukupinga hapo. Mimi ningewaacha wale wawili watambuane kwenye umati, wakumbatiane, picha iishe. Walipotambuana bila kutajana jina palitosha.

Mama Tumaini: Na Bruce Willis mwenyewe mumwombee. Kwenye filamu hii alifyatua bastola chini ya meza, zilikuwa risasi baridi lakini zenye mlio mkubwa sana, na sikio lake la kushoto likapoteza sehemu kubwa ya usikivu moja kwa moja. Mwaka 2022 familia yake ikatangaza ana afasia, mtu anapoteza uwezo wa maneno, na 2023 wakasema ni dimenshia inayoshambulia sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo. Familia imemzunguka, mke, watoto, hata Demi Moore waliyeachana naye zamani. Wagonjwa wa namna hiyo nawajua. Kuzungukwa vile ni dawa.

Upendo: Sikujua yote haya 😢 Mungu ampe nguvu.

Anna: Amina. Sasa huyo Holly, mwisho anarudiana na mumewe?

Elisha: Wakitoka nje McClane anamtambulisha kwa Powell kwa jina la kwao, Gennero. Yeye mwenyewe anasahihisha, anasema Holly McClane.

Anna: Ah. Basi sawa. Sikilizeni: tukitoka kanisani tunakula kwanza. Watoto wanaangalia picha ya Yesu, wakimaliza wanakwenda kulala, na simtaki hata mmoja anachungulia pazia. Halafu wakubwa tunaangalia hiyo ya Elisha. Ile sehemu ya bafuni mkinipigia kelele nitazima.

Elisha: Asante dada!! Hakuna atakayepiga kelele.

Baraka: Upendo, waya wa spika umebeba? Ile Simfoni ya Tisa kwa spika ya projekta peke yake ni dhambi.

Upendo: Nimebeba. Extension ndiyo sina.

Godfrey: Ninayo ya mita 10 kwenye gari. Mniwekee kiti, na ndizi za nyama mniachie, naweza kuchelewa.